Ardhi ya Kanga: Safari ya Chapa kutoka Kibao cha Mti hadi Mpanda

Mtu akishika kanga mpya mkononi, iwe katika duka la Mpanda mjini au katika gulio la Karema kando ya Ziwa Tanganyika, jicho lake hulikimbilia jina kwanza, yale maneno machache yaliyochapwa chini ya mji. Kisha huutazama mji wenyewe, ua au embe au korosho iliyochorwa humo. Kisha huzunguka na pindo pande zote nne, akilisifu au akilikosoa. Na aghalabu hukomea hapo. Ile ardhi ya nguo, yaani rangi moja iliyotandazwa nyuma ya vyote hivyo, haitajwi na mtu ila siku inapochujuka kwenye maji ya kwanza. Walakini kwa yeyote aliyewahi kuuliza jinsi nguo inavyochapwa, ni dhahiri kwamba ua ni kazi nyepesi na ardhi ndiyo kazi nzito, na kwamba historia ya kanga, tangu Unguja ya Sayyid Barghash hadi reli ya Kaliua na Mpanda, ni kwa sehemu kubwa historia ya ardhi hiyo: nani aliweza kuitandaza sawasawa, kwa chombo gani, kwa gharama gani, na nani alishindwa akamwachia mwenziwe soko.

Zama za merikani na kaniki

Nchi ambayo leo inaitwa Mkoa wa Katavi haikuingoja pwani ndipo ijue nguo. Katika bonde la Rukwa na katika Ufipa palikuwa na watu waliopanda pamba, wakaisokota na kuifuma kwa mitambo iliyolazwa chini, na wasafiri wa karne ya 19 waliopita huko waliviona vitambaa vyao vizito na kuviandika habari zake. Uzuri wa nguo hiyo ulikaa katika uzi wenyewe. Hapakuwa na chapa.

Bidhaa iliyokuja kuishinda ilitoka mbali sana. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na merikebu za bandari ya Salem zikawa zinaleta Unguja shehena za pamba ngumu isiyotiwa rangi, ambayo upesi ilipata jina la nchi ilikotoka, ikaitwa merikani. Kutoka Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikafungwa mitumba, ikapandishwa mabegani mwa wapagazi, na kwa muda wa miezi ikapelekwa Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe ikashuka kusini na magharibi kupitia Ukonongo na Mpimbwe hadi ziwani. Njiani haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha: hongo ya watemi ililipwa kwa shuka za mikono minne na kwa doti za mikono minane, na mwenye msafara aliyeishiwa merikani aliishiwa na safari. Stanley alipopita Ukonongo mwaka 1871, akiizunguka vita ya mtemi Mirambo ili amfikie Livingstone huko Ujiji, alipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa imezoea kuhesabu mali yake kwa mikono ya kitambaa. Na wajumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipojenga ngome yao Karema mwaka 1879, ambayo mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, wao nao waliishi kwa mitumba ya nguo iliyowafikia kwa miguu ya watu.

Pamoja na merikani ilikwenda kaniki, pamba iliyochovywa nili hata ikawa nyeusi au buluu ya giza, iliyotoka Bara Hindi. Tuzitazame nguo hizi mbili kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna kila kitu kilichokuja kuzaa kanga: merikani ni ardhi isiyo na rangi, kaniki ni ardhi isiyo na kitu juu yake. Zote mbili zilikuwa nguo za watu wa chini. Unguja zilikuwa vazi la mtumwa, na aliyezivaa alijulikana hali yake kabla hajafungua kinywa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, iliikata merikani ghafla, na Bombay na Manchester zikaingia mahali pake. Wahindi waliokuwa na maduka Unguja wakawa ndio washika funguo za biashara ya nguo, na kwao palikuwa na ufundi wa kibao uliokwisha kukomaa kwa karne nyingi.

Ufundi wa kibao

Katika Gujarat na Kachchh, nchi walikotoka wafanyabiashara wengi wa Unguja, Mombasa na hatimaye Tabora, kuchapa nguo kwa kibao cha mti ni kazi ya koo na koo. Kijiji cha Pethapur kilipata sifa kwa kuchonga vibao vya msaji vilivyouzwa kwa wachapaji wa nchi nzima, na hata kwa wale waliochapa nguo za kupelekwa Siam. Fundi huusawazisha uso wa gogo kwa msasa, akaupaka chokaa nyeupe ili mchoro uonekane, akaunakili mchoro juu yake, kisha akauchonga kwa patasi ndogondogo na kijiti cha kugongea. Akimaliza hutoboa matundu ya kupitisha hewa, akakilaza kibao katika mafuta kwa siku kadhaa ili kisipinde wala kupasuka kikinywa rangi.

Nguo moja haitoki katika kibao kimoja. Kuna kibao cha mstari, kinachochapa mpaka wa ua. Kuna kibao cha kujazia, kinachotia rangi ndani ya ua. Na kuna kibao cha ardhi, kinachotia rangi kila mahali ambapo ua halipo. Hiki cha tatu ndicho kigumu, tangu katika kukiwaza. Mchonga ua huacha ua lisimame na kuondoa kilicho pembeni mwake. Mchonga ardhi hufanya kinyume, huchimba shimo lenye umbo la ua na kuacha kila kitu kingine kimesimama, na shimo hilo lazima lilingane na ua la kibao cha kwanza, kwa maana likizidi kidogo utatokea uzi mweupe kuzunguka ua zima, na likipungua rangi ya ardhi italimeza jani. Mafundi wa milango ya Unguja na Lamu, waliozoea kuishusha ardhi ya nakshi ili ua liinuke, wangeuelewa ugumu huo bila kuelezwa, ingawa wao waliufanya mara moja tu kwa mlango mmoja.

Kisha huja uchapaji. Mti mtupu haupendi kushika rangi juu ya uso mpana: ukikandamizwa, rangi hukimbilia kingoni, ukingo ukawa mzito na katikati pakapauka. Kwa hiyo mafundi wa Hindi, na wa Ulaya pia, walizoea kuchimba uso wa kibao cha ardhi na kuujaza sufu iliyoshindiliwa, ili inywe rangi na kuitoa kwa kipimo kimoja. Hata hivyo hesabu ilibaki kuwa kali. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja na kidogo. Kibao cha sentimita 15 kila upande kitaugonga uso huo zaidi ya mara 70 kwa rangi moja, na kila pale pigo moja linapokutana na jingine pana hatari ya mstari wa giza, mahali rangi ilipopita mara mbili. Ua likihama kidogo, mvaaji hataliona. Ardhi ikiwa na viraka, hata mtoto ataiona.

Ndipo baadhi ya mafundi walipoikimbia kazi hiyo kwa njia ya mzunguko: badala ya kuichapa ardhi, waliichovya. Walichapa kwanza gundi na chokaa mahali pa maua, wakaitia nguo nzima katika pipa la nili, na palipofunikwa pakabaki peupe. Ardhi ya namna hiyo haina kiraka wala mstari, na rangi yake hupita hadi upande wa pili wa nguo. Ila hudai maji mengi, siku nyingi, na rangi inayokubali kuchovywa.

Hapa inafaa tuvuke bahari hadi Japani, nchi itakayoingia tena katika habari hii kwa mlango mwingine. Wachapaji wa picha wa Edo walikutana na tatizo lile lile juu ya karatasi. Mwaka 1765, katika mji huo, picha za Suzuki Harunobu zilianza kuchapwa kwa rangi nyingi, kila rangi na kibao chake cha mcheri, na jambo lililowezesha hayo lilikuwa alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni mwa kila kibao, ziitwazo kento, ambazo kwazo karatasi iliegemezwa ili kila rangi iangukie mahali pake. Mchongaji alichapa kwanza nakala kadhaa za kibao cha mstari, akazigandisha moja moja juu ya mbao mpya, akachonga vibao vya rangi kwa kuufuata mstari ule ule, hata cha ardhi kikalingana na cha ua kwa unene wa unywele. Palipokuwa na uwanja mpana wa kuondolewa alichimba kina zaidi kadiri alivyokwenda mbali na mstari, ili karatasi yenye unyevunyevu isilegee na kugusa sakafu ya kibao ikachafuka. Na ili ardhi itoke laini, mchapaji alichanganya rangi na gundi ya mchele, akaisambaza kwa burashi, kisha akaisugua karatasi kwa mgongo kwa bareni, kisahani cha kamba ya ganda la mwanzi kilichofungwa kwa jani la mwanzi. Gundi ikipungua, ardhi hutoka na vidoadoa kama ufuta.

Ninachokistahi kwa Wajapani hawa ni kwamba hawakuridhika na ardhi isiyo na kosa, walitaka ardhi iseme. Katika miaka ya 1790 picha za Utamaro na Sharaku zilipewa ardhi ya unga wa ulanga, inayong'aa kama fedha picha inapoinamishwa, na sura ya mtu ikaonekana imetoka nje ya karatasi. Miaka 40 baadaye buluu ya Berlin, iliyokuwa imeingia nchini kwa njia ya Waholanzi na Wachina, ilishuka bei, na Hokusai akaitumia katika picha zake za mlima Fuji, ambamo mbingu huanza na buluu nzito juu na kufifia pole pole ikishuka, kwa mchapaji kuifuta rangi juu ya mti kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuilaza karatasi. Mbingu ile si mchoro wa mchoraji. Ni mkono wa mchapaji, nao hurudiwa upya kwa kila nakala.

Unguja yazaa kanga, 1870 hadi 1900

Mapokeo ya Unguja husema kwamba wanawake walianza kwa leso: walinunua kitambaa cha leso za mraba kabla hazijakatwa, wakachukua sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja lenye rangi ambayo merikani na kaniki hazikuwahi kuwapa. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa pamoja bila mshono, na kazi za mwanzo zikachapwa kwa vibao vya mti. Hayo yalitukia katika miaka ya 1870 na 1880, na wakati huo hauwezi kutenganishwa na mambo mengine yaliyokuwa yakiendelea mjini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuondoa utumwa wenyewe ikaja mwaka 1897. Mwanamke aliyekuwa akivaa kaniki kwa kulazimishwa na hali yake alitaka nguo ambayo haikuwa kaniki, na kilichoitofautisha mbele za watu, hata kwa mbali, kabla jicho halijaliona ua, kilikuwa ardhi nyekundu, au ya manjano, au nyeupe yenye madoa.

Nyekundu hiyo ilikuwa na historia yake. Kwa karne nyingi ilitoka katika mizizi, na kuikoleza kulidai ustadi na muda. Lakini mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, waligundua namna ya kuitengeneza alizarini, ambayo ndiyo roho ya wekundu huo, katika maabara, na kwa muda wa miaka michache ikawa rahisi mno. Kabla ya hapo ardhi nyekundu ilikuwa anasa ya wachache. Baada ya hapo iliweza kuwa vazi la mchuuzi wa samaki. Nili nayo ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1897.

Miongoni mwa kanga za asili ipo moja ambayo haijaacha kuchapwa hadi leo, nayo ni kisutu, ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyo na jina, ambayo bibi arusi wa pwani hufungwa au kufunikwa. Atakaye kuona kibao kilifikirije nguo na atazame kisutu: viduara na vinyota vidogo vilivyorudiwa rudiwa, vimesongamana hata nafasi ya ardhi ikabaki kama uzi tu. Mimi nauona mpango huo kuwa ni busara ya fundi aliyeijua mipaka ya chombo chake, kwa kuwa ardhi iliyokatwakatwa vipande vidogo haina mahali pa kuonyesha kiraka.

Soko likawa kubwa kuliko mikono ya Unguja, na kazi ikahamia nje. Huko Uholanzi viwanda vya Helmond, Leiden na Haarlem, vilivyokwisha kuzoea kuwachapia watu wa Jawa nguo zao, vilipokea michoro kutoka kwa wafanyabiashara wa Unguja na kuanza kuchapa kanga. Manchester nayo ikafanya vivyo hivyo. Mtu angedhani Ulaya ya mashine ingekitupa kibao mara moja, kwa maana Thomas Bell alikwisha kuibuni silinda ya shaba ya kuchapia nguo tangu 1783. Haikuwa hivyo. Silinda huzunguka na kurudia mchoro ule ule kila baada ya sehemu ya mita, na kanga haitaki kurudiwa: ina pindo pande nne na mji katikati, na urefu wake wapita mzunguko wa silinda ya kawaida mara nyingi. Kibao kikapata maisha ya nyongeza kwa ajili ya vazi la wanawake wa Afrika Mashariki, wakati nguo nyingine za Ulaya zilikwisha kukiaga.

Jina, duka na pindo, 1900 hadi 1926

Miaka hii nitaipitia upesi. Nyuma kidogo, mwaka 1887, ilianzishwa Mombasa nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, na kwake yeye hunasibishwa desturi ya kuweka maneno ya Kiswahili katika kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Mitindo ilikuja kwa kila merikebu na kuzeeka upesi. Kanga ya mtindo uliopita ilishuka bei hata kama haijakunjuliwa, na kwa hiyo mwenye kuchonga alilazimika kuchonga daima. Jina lenyewe lilileta shida mpya kwa mchonga ardhi, kwa kuwa herufi nyeupe juu ya rangi hazichapwi, huachwa; kila herufi ni tundu katika ardhi, na herufi ya Kiarabu yenye nukta moja juu yake hudai tundu dogo lisilopaswa kuzibwa na rangi.

Wajapani, 1926 hadi 1970

Mwaka 1926 kampuni ya merikebu ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kudumu kati ya Japani na pwani yetu. Ilikuta mlango umefunguliwa na mikataba: nchi za bonde la Kongo kama lilivyoainishwa mwaka 1885, na Afrika Mashariki ikihesabiwa humo, hazikuruhusiwa kumtoza mgeni mmoja ushuru zaidi kuliko mwingine, kwa hiyo Waingereza hawakuweza kuzilinda bidhaa za Manchester hata katika nchi walizozitawala. Katika miaka ya 1930 pamba ya Uganda ilikwenda Japani ikiwa marobota na kurudi ikiwa nguo, na nguo za Kijapani zikawa za kwanza sokoni kwa urahisi wa bei.

Vita ya Pili ya Dunia ikaikata biashara hiyo mwaka 1941. Iliporudi baada ya vita, ilirudi na sifa nyingine. Kanga za Kijapani, zilizochapwa hasa upande wa Osaka na Kyoto, zilipendwa sasa kwa ubora, na wanawake wengi wa umri mkubwa hadi leo wakiitaja kanga ya Japani huitaja kwa heshima, wakisifu pamba yake na rangi yake iliyokolea isiyotoka. Siri yake kubwa ilikuwa wavu, kitambaa chepesi kilichowambwa katika fremu, ambacho hupitisha rangi mahali palipo wazi na kuizuia mahali palipozibwa.

Nasaba ya wavu huo yafaa kuelezwa, maana inarudi kwenye ardhi. Tangu zamani Wajapani walipamba nguo kwa kigezo cha karatasi ngumu iliyopakwa utomvu wa tunda la persimoni, wakiitoboa kwa visu vyembamba. Katika kigezo cha namna hiyo ua huweza kukatwa bila shida, bali ardhi haikatiki: ukiikata ardhi yote, ua lililobaki katikati halishikwi na kitu, linaanguka. Mafundi wakawa wanalishikilia kwa nyuzi nyembamba za hariri, zilizotandazwa kati ya karatasi mbili, nyembamba kiasi kwamba rangi ilizipita bila kuacha alama. Mwaka 1907 Samuel Simon, mtu wa Manchester, alipata hataza ya kuchapa kwa kitambaa cha hariri kilichowambwa, ambamo nyuzi chache zile zimekuwa wavu kamili, na ua linaweza kukaa popote likielea katikati ya ardhi pana. Fremu moja iliweza kuwa na ukubwa wa kanga nzima, pindo na mji na jina kwa pamoja. Mapigo zaidi ya 70 ya kibao yakawa mkwaruzo mmoja wa kibapa cha mpira, na ardhi ikatoka laini bila kiungo. Kanga tunazozijua, zenye uwanja mpana wa rangi moja na ua moja kubwa lililokaa peke yake katikati, zilikuwa taabu kubwa kuzichapa kwa kibao. Kwa wavu zikawa kazi ya kila siku.

Reli yafika Mpanda

Katika miaka hiyo hiyo Mpanda ilipata kuwa mji. Risasi na dhahabu zilizokuwa ardhini mwake zilichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa ajili ya kuyatoa mawe hayo serikali ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 kupitia misitu ya miombo, ambalo lilifika Mpanda kiasi cha mwaka 1950. Reli iliyojengwa kutoa risasi ilirudi na nguo. Mzigo ambao miaka 70 nyuma ulikwenda Karema kwa miezi juu ya mabega ya wapagazi sasa ulitoka Dar es Salaam kwa siku chache. Na wachimbaji waliotoka Ukonongo, Ufipa, Kigoma na kwingineko walipokea mshahara wa fedha, wakaingia maduka ya Wahindi na Waarabu kando ya stesheni, wakawanunulia wake zao doti za kanga.

Nguo haikuwa fedha tena, ilikuwa zawadi, na hapo ndipo kanga ilipojifunga na maisha ya bara kama ilivyojifunga na ya pwani: ya mahari, ya kumpokea mtoto, ya kumfunika maiti, ya kumwambia jirani jambo bila kulitamka. Mgodi ulifungwa mwaka 1960 na wageni wengi wakaondoka, lakini reli haikung'olewa, na maduka yalibaki.

Viwanda vyetu, 1968 na baadaye

Baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikusudia kwamba pamba ya Tanzania ifumwe na kuchapwa Tanzania. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, na Mwanza ikapata Mwatex. Sasa kanga iliyofika Mpanda iliweza kuwa imeota, kusokotwa, kufumwa na kuchapwa ndani ya mipaka ya nchi moja, na majina yake yakaanza kusema habari za taifa pamoja na zile za wivu na mapenzi. Ni mafanikio yanayostahili kukumbukwa kwa shukrani, hasa kwa kuwa yalikuwa ya muda mfupi.

Ardhi ndiyo iliyaonyesha mapungufu yake kwanza. Uzi ulikuwa wetu, ila rangi na madawa ya kuikoleza vilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na katika nguo yote hakuna sehemu inayokula rangi kama ardhi. Ilipokuja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba, fedha hizo hazikupatikana, vipuri vikakosekana, na nguo ikawa kitu cha kugawiwa na kupigiwa foleni. Mchoraji anaweza kuchora ua zuri bila senti moja ya kigeni. Kiwanda hakiwezi kuikoleza ardhi bila rangi.

Mpanda ya wakati huo ilikuwa na watu wengi zaidi wa kuvishwa. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Katumba kuanzia 1973, na baadaye Mishamo, wakafyeka msitu, wakalima, wakauza mazao, na wakawa wateja wakubwa wa wachuuzi wa nguo waliozunguka vijijini kwa baiskeli. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, walichouziwa hakikuwa cha Urafiki peke yake: kanga za India zilirudi, na mitumba ya Ulaya na Marekani ikaingia kwa bei ambayo hakuna kiwanda kingeweza kushindana nayo. Nyumba nyingine za uchapaji zilikuja kuendeleza kazi ya kanga Dar es Salaam na Morogoro, zikashindana na za India doti kwa doti.

Siku hizi

Katavi ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikikatwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao yake. Kanga inayouzwa humo leo mara nyingi huchapwa na mitungi ya wavu wa nikeli, ambayo imeunganisha tabia mbili zilizoshindana zamani, mzunguko wa silinda na uwazi wa wavu, kila mtungi ukiwa na rangi yake, na rangi ya ardhi ikihitaji mtungi wake peke yake. Mchoraji huitenga ardhi katika kompyuta kama mchongaji wa Pethapur alivyoitenga juu ya msaji, na huiacha iingie kidogo chini ya mpaka wa ua, ili nguo ikinyooka au ikijikunja mashineni usitokee ule uzi mweupe. Ni dawa ile ile ya kosa lile lile.

Wanunuzi wa Mpanda wana kipimo chao. Mwanamke aliyekwisha kununua kanga nyingi huigeuza nyuma kabla hajauliza bei, maana jina na ua huonekana vizuri mbele hata katika kanga mbovu, bali ardhi iliyotiwa rangi kwa ubahili haipiti hadi upande wa pili. Huilowesha ncha kwa mate, akaisugua kwa kidole. Kisha huinyoosha mbele ya mwanga, kutazama kama pana viraka.

Nje ya mji, katika Mpimbwe na Wilaya ya Tanganyika, wakulima wa pamba huvuna na kuuza kwa vyama vyao vya msingi. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huchambuliwa mbegu tu na kusafirishwa nje ikiwa ghafi, na iliyo kidogo ndiyo inayosokotwa hapa. Mkulima wa Katavi anayempelekea mkewe doti mpya baada ya mavuno hulipa ndani yake gharama ya kuisafirisha pamba kwenda na kurudi, gharama ya kuifuma, na zaidi ya hayo gharama ya ile rangi iliyotandazwa nyuma ya ua, ambayo nchi yetu bado inainunua ng'ambo kama ilivyoinunua mwaka 1968.